Mafundi wa Sabuni wa Ziwa Mweru

Wilayani Nchelenge, mkoani Luapula, ambako michikichi humea kando ya Ziwa Mweru, wanastahili pongezi mafundi wanaogeuza mawese, yaani mafuta mekundu ya nyama ya chikichi, kuwa sabuni za nyumbani. Kazi yao ni kemia halisi: soda kali hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko huweza kuruka na kuunguza; kisha huungana na mafuta, ikapatikana sabuni pamoja na gliserini, inayolainisha ngozi. Rangi ya machungwa huletwa na karotini ya mawese yenyewe, na manukato, kama mafuta ya mchaichai, huongezwa rojo linapoanza kuwa zito. Heshima kubwa zaidi yastahili subira ya kuacha vipande vikauke wiki 4 hadi 6 kabla ya kuuzwa.