Kupunguza Maneno Hakutoshi

Mwaka 1997, John Morkes na Jakob Nielsen, wakiwa katika kampuni ya Sun Microsystems, waliandaa tovuti ya utalii wa jimbo la Nebraska, Marekani, kwa matoleo matano. Vivutio vilikuwa vilevile, ila uandishi ulitofautiana. Toleo la kwanza lilijaa sifa za kibiashara. La pili lilikatwa maneno hadi nusu hivi. La tatu lilibakiza maelezo, likayapanga ili jicho lipite haraka. La nne liliondoa majigambo tu, na la tano likaunganisha mbinu zote tatu. Wasomaji walipopewa kazi ya kutafuta majibu, toleo la pili lilionekana kuwa rahisi kutumia kwa asilimia 58 kuliko la kwanza, la tatu 47, la nne 27, na la tano 124.

Wahariri wengi huishia kwenye ile 58 wakaanza kufyeka. Mimi naona funzo kubwa liko kwenye 27. Toleo la nne halikufupishwa wala kupangwa upya, lakini lilimsaidia msomaji, kwa sababu kila sifa iliyotiwa chumvi humlazimisha achuje kipi ni kweli na kipi ni mbwembwe kabla hajaendelea. Kwa hiyo kinachopaswa kupunguzwa ni kazi anayofanya msomaji, na urefu ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Chukua orodha ya huduma katika tovuti ya ofisi ya umma: “Utaratibu wa kuomba cheti cha kuzaliwa”, “Utaratibu wa kuomba cheti cha kifo”, “Utaratibu wa kuomba leseni ya biashara”. Jicho linaloshuka upande wa kushoto linakutana na maneno yaleyale mara tatu. Andika “Cheti cha kuzaliwa: kuomba”, “Cheti cha kifo: kuomba”, “Leseni ya biashara: kuomba”, na tofauti inaonekana mapema, hata kwenye kioo kidogo cha simu.

Wanasheria watasema taarifa ya serikali haiwezi kukatwakatwa, maana sharti likiachwa mwananchi ataumia. Hoja hiyo ni nzito, lakini inahusu kuacha sharti, haihusu mahali pa kuliweka. Serikali ya Uingereza ilipozindua tovuti ya GOV.UK Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link, sheria hazikupungua. Ukurasa wake wa viwango vya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) unatanguliza viwango vyenyewe, yaani asilimia 20, 5 na 0, na anayetaka kujua bidhaa gani inaangukia wapi anafuata kiungo. Wengine watasema ufupi huo ni ukavu, na Kiswahili kina adabu zake. Ni kweli kwa watu wanaokutana ana kwa ana. Lakini aliyefungua ukurasa kwa bando la kupima anataka kujua ada ni kiasi gani na aende na nyaraka zipi. Aya mbili za kumkaribisha zinamla muda na fedha.

Mhariri wa tovuti, fungua orodha yako ya huduma leo, ufunike nusu ya kulia kwa karatasi. Usipoweza kutofautisha huduma moja na nyingine, anza kurekebisha hapo kabla hujagusa aya yoyote.