Sanaa Barabarani: Nani Anaimalizia Sentensi?

Kila jukwaa lina mwenyewe, na kila shairi lina tabaka linalolitumikia. Kwa hiyo msanii anapoacha ukumbi na kwenda barabarani, tusikimbilie kumsifu. Hatuna budi kuuliza: amemfuata nani huko, na amempa nafasi gani? Tutalipima swali hili kwa kazi za kikundi cha CADA cha Santiago, nchini Chile.

Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yaliipindua serikali ya Salvador Allende. Vitabu vilichomwa moto, na michoro ya kimapinduzi kutani ikafutwa kwa rangi. Chini ya udikteta huo, mwaka 1979, watu watano waliunda CADA: mshairi Raúl Zurita, mwandishi Diamela Eltit, wasanii Lotty Rosenfeld na Juan Castillo, na mwanasosholojia Fernando Balcells.

Oktoba 1979 waligawa mifuko 100 ya maziwa, nusu lita kila mmoja, katika mtaa maskini wa La Granja. Mgeni angeiona kuwa hisani tu. Wakazi walikumbuka kwamba nusu lita ya maziwa kwa siku ndiyo iliyokuwa haki ya kila mtoto katika mpango wa Allende. Mfuko ulisema jambo ambalo lilikuwa hatari kulitamka. Hata hivyo, mkazi alibaki mpokeaji. Mifuko mitupu iliombwa irudishwe, iwe malighafi ya wasanii.

Julai 1981 ndege sita zilidondosha karatasi 400,000 juu ya Santiago, katika anga ile ile ambamo ndege za kijeshi zililipua Ikulu mwaka 1973. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini karatasi zilitangaza kwamba anayepanua maisha yake, hata kifikra tu, ni msanii. Hapa tunatofautiana nao. Mwenye njaa hapanui maisha yake kwa fikra peke yake. Tena, ujumbe ulitoka juu kwenda chini, na umma ukaokota.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1983. Usiku, kutani, waliandika "NO" na alama ya kujumlisha tu, maneno ambayo kwa Kispanyola husomeka "hakuna tena". Hakuna tena nini? Wasanii hawakusema. Wananchi wakamalizia wenyewe: mateso, vifo, kutoweka kwa ndugu zao. Alama ikahamia kwenye mabango ya maandamano, wala haikuwa tena mali ya CADA.

Tusikosee. Si alama iliyouamsha umma. Wafanyakazi wa migodi ya shaba walikwisha kuitisha siku ya upinzani Mei 1983, na njaa na ukosefu wa kazi vilikwisha kuwatoa watu majumbani. Sanaa iliukuta umma ukitembea, ikaupa chombo. Oktoba 1988 wengi walipiga kura ya "Hapana" dhidi ya Pinochet.

Funzo linatuhusu sisi makada. Mara ngapi kikundi cha ngonjera humsubiri mgeni rasmi, kikaimba maneno yaliyoandikwa ofisini, na wakulima wakatakiwa kupiga makofi? Kuhamisha jukwaa kutoka ukumbini hadi gulioni hakutoshi. Kazi ya kimapinduzi huacha nafasi ambayo mwananchi ataijaza kwa uchungu wake mwenyewe. Tukiogopa atakachoandika hapo, basi tatizo si sanaa. Tatizo ni uongozi wetu.