Farasi wa Wellington Alistahili Kuingia Kanisani

Nimerudi tena kwenye kumbukumbu ya Duke wa Wellington katika kanisa kuu la St Paul's, London, na wasomaji wa zamani wa safu hii wanajua kinachonirudisha. Mwaka 1878 kazi hii ilisimikwa ndani ya kanisa dogo la pembeni, tena bila farasi wake. Lilikuwa kosa, na sijawahi kusikia utetezi wake ukasimama.

Mliopita pale mmeona jinsi Alfred Stevens alivyopanga. Hakubuni kitu cha kuegemezwa ukutani. Alibuni jengo la marumaru likae chini ya tao mojawapo la ukumbi mkuu, mwanga ulipate huku na huku, mtu alizunguke. Chini, Wellington wa shaba nyeusi amelala chali juu ya jeneza, amekufa. Juu yake nguzo zimebeba paa, na kwenye ncha zake mbili yamekaa makundi mawili ya sanamu. Kileleni ni Wellington huyohuyo, yu hai, yuko juu ya farasi. Jicho linaanzia kwa maiti, linapanda nguzo, linafika kwa mpanda farasi. Mwondoe farasi, utabaki na ngazi inayoishia hewani.

Henry Hart Milman, mkuu wa kanisa hilo, alikataa mnyama ndani ya nyumba ya ibada. Alifariki 1868, lakini katazo lake likaendelea kuheshimiwa. Sasa nendeni Florence. Ndani ya kanisa kuu la mji ule, Paolo Uccello alichora ukutani mwaka 1436 mpanda farasi mkubwa, akampa sura ya sanamu ya shaba. Miaka 20 baadaye Andrea del Castagno akamchora wa pili. Na yule wa Uccello ni nani? John Hawkwood, Mwingereza, askari wa kukodiwa! Waitaliano walimpa mamluki wa kigeni farasi kanisani, Waingereza wakamnyima mshindi wa Waterloo. Wenye makanisa wawaamini mafundi wao: hilo ndilo ninalolilia kila ninapoandika habari za makanisa.

Kosa la chumba lilikuwa baya zaidi. Mtazame Kweli, yule mwanamke mtulivu wa shaba, anavyomshika Uongo na kumng'oa ulimi kinywani. Ili uuone mkono ule na ule ulimi, lazima urudi nyuma hatua kadhaa na kuinua kichwa. Ndani ya chumba finyu unarudi nyuma wapi? Vivyo hivyo kwa Ushujaa anayemkanyaga Woga. Sanamu zilizobuniwa zionwe kwa mbali zilifungiwa kama samani stoo. Na kuta za chumba hichohicho zilipewa michongo ya William Calder Marshall, aliyemshinda Stevens katika shindano la 1857 la kubuni kumbukumbu hii. Aliyeshinda shindano akabaki na kuta, aliyeshindwa akabeba kazi yenyewe hadi ikamla. Nimesema mara nyingi na nasema tena: mahali pakishakubaliwa, pasiguswe. Fundi hupima kila nguzo kwa tao itakakokaa. Ukihamisha kazi yake umebadilisha kila kipimo bila kushika patasi.

Stevens alifariki mwaka 1875, amechoshwa na uhaba wa fedha na kuingiliwa na serikali, kazi haijaisha. Msaidizi wake Hugh Stannus aliimalizia kwa uaminifu.



Mwaka 1892 ndipo walipoanza kuitoa kumbukumbu ile chumbani na kuipeleka chini ya tao la ukumbi mkuu, upande wa kaskazini, mahali Stevens alipokuwa amepakusudia. Mwenye macho haambiwi tazama: nguzo zilezile, shaba ileile, na ghafla kazi ikapumua. Ukifika, usisimame karibu. Vuka ukumbi hadi upande wa kusini, kisha inua macho taratibu kutoka kwa yule aliyelala. Farasi utakayemkuta kileleni alitengenezwa na John Tweed kwa kufuata mfano wa Stevens, akapandishwa mwaka 1912, miaka 37 baada ya Stevens kuzikwa.