Njeru na Njiru: Sarufi Katika Majina ya Manyatta

Orodha za majina na maana zake husoma jina kana kwamba halina sarufi. Njeru na Njiru, majina ya wanaume yaliyoenea Manyatta katika Embu, hufasiriwa "mweupe" na "mweusi", na msomaji hudhani kwamba yataja rangi ya mtoto. Sivyo. Mtu mweupe kwa Kiembu ni mũndũ mwerũ. Mweusi ni mũndũ mwirũ. Njerũ na njirũ ni upatanisho wa ngeli ya mbũri, yaani mbuzi, na ng'ombe. Nomino imedondoka, kiambishi kimebaki, nacho chatuelekeza zizini kuliko kwenye ngozi ya mtu. Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa: kwa kuwa husema "mtu mweupe" na "ng'ombe mweupe" vilevile, tofauti hiyo hupotea katika tafsiri.

Tena, kwa desturi mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Basi mkusanyaji aulize kwanza jina ni la nani, ndipo aulize maana yake.