Msiukate Wimbo Kabla ya Chemko

Siku hizi redio ikipiga wimbo wa bendi ya Mlimani Park, Sikinde yenyewe, mtangazaji huingia katikati. Beti mbili zimeimbwa, tarumbeta zimejibu, gitaa la solo ndiyo kwanza linaanza kuchangamka, mara sauti inashushwa na tangazo linaingia. Kijana anayesikiliza anadhani wimbo umekwisha, kumbe utamu wote umebaki huko mbele.

Wale wazee wa bendi hawakutunga kwa kubahatisha. Wimbo wa Sikinde hutembea kwanza: kisa kinasimuliwa taratibu, waimbaji wanapokezana, wapulizaji wanatia neno. Chemko, ile sehemu ya mwisho magitaa yanapochangamka, huja baadaye, na hunoga kwa sababu umelingoja. Nyimbo nyingi zilivuka dakika 6, na hakuna dakika iliyowekwa kujaza nafasi.

Itafuteni “Neema”, utunzi wa Cosmas Chidumule, lakini safari hii msimfuate mwimbaji peke yake. Teremkeni chini ya sauti yake. Gitaa la rizimu limeshika mwendo. Gitaa la second solo linapita katikati kwa vipande vifupi vinavyojirudia, nalo solo linaingia na kutoka bila kumkanyaga mtu, kama wasusi wawili kwenye kichwa kimoja. Besi nayo huruka pigo ulilolitegemea, halafu hulirudia ulipokwisha kulisahau. Huo ndio upangaji wa muziki, kazi ambayo marehemu Michael Enoch, kiongozi wa bendi hiyo iliyoanza 1978, aliijua kuliko wengi. Tulimwita King, na alistahili.

Mjomba wangu alizithamini nyimbo hizi kuliko samani zake zote. Alikuwa akiweka kinasa sauti mbele ya redio, kidole juu ya kitufe, akingoja. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Kanda zake alizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe, na wimbo ukianza hakuna aliyeruhusiwa kuinuka mpaka chemko limalizike. Mgeni akibisha hodi wakati huo, alifunguliwa mlango kimyakimya, akaoneshwa kiti.

Nyimbo zenyewe zilirekodiwa kwenye studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Nyingi hazikupata kuwa santuri. Zilibaki kwenye mikanda. Inaniuma kwamba aliyetaka kuzinunua kwa mpangilio mzuri ilimbidi aagize nje: albamu ya “Sikinde” ilitolewa Marekani na “Sungi” Ujerumani, miaka ya 1990. Hata “Ngoma Iko Huku”, mkusanyiko wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, ulitoka Ujerumani. Salum alifariki 1965, na wengi wetu tunamkumbuka siku ya Idi tu, kwa wimbo mmoja, ilhali mkusanyiko ule wote unasikilizika jioni nzima bila kuruka hata wimbo mmoja.

Msiponunua, basi ombeni. Mpigieni simu mtangazaji, mwambieni auache wimbo ufike mwisho, na amtaje aliyepiga second solo, si mwimbaji tu. Wapigaji wengi wa enzi zile wametangulia mbele ya haki bila majina yao kusikika redioni hata mara moja. Waliobaki ni wazee sasa, na redio bado wanasikiliza.