Tairi Kipara Katika Mchanga wa Korongo

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, aghalabu kati ya Desemba na Aprili, mito kama Bubu na Kinyasungwe hupitisha maji kwa muda mfupi kisha hubaki mchanga mtupu. Na kwa kuwa maji ya kiangazi huchimbwa chini ya mchanga huohuo, mikokoteni ya punda na ya ng'ombe hushuka makorongoni ikiwa mitupu na kupanda ikiwa imesheheni madumu. Ufundi wa kuuchagulia mkokoteni wa namna hiyo tairi lake haujapewa heshima unayostahili, ingawa unafuata kanuni zilezile zinazotawala vyombo vya jangwani.

Mchanga mkavu haushikani. Chembe zake hushikiliana kwa msuguano tu, na zikikandamizwa kupita kiasi huteleza pembeni, gurudumu likazama na kusukuma mbele yake kilima ambacho litakuwa likikipanda bila kukimaliza. Dawa yake ni kupunguza kanieneo, yaani nguvu inayoikandamiza kila sentimita ya mraba ya ardhi, na kwa tairi laini kiasi hicho hukaribiana na kanieneo ya upepo uliomo ndani yake. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyevuka matuta ya Jangwa la Libya kwa magari ya Ford karibu na mwaka 1930, alipunguza upepo wa matairi kwa sababu hiyohiyo, kisha mwaka 1941 akachapisha kitabu juu ya fizikia ya mchanga upeperushwao ambacho wataalamu wanakitumia hata leo.

Waendeshao pikipiki za magurudumu manne kwenye matuta ya mchanga hufunga nyuma tairi la makasia, yaani tairi lenye mbavu ndefu za mpira zilizokingama, ambazo huchota mchanga na kuusukuma nyuma, na hulitafuta lililo jepesi kwa kuwa uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hugharimu nguvu nyingi kuuzungusha kuliko ulio karibu na ekseli. Gurudumu la mkokoteni haliusukumi mkokoteni mbele. Linaburutwa, na kazi ya kasia imeachiwa kwato. Ukwato wa ng'ombe, uliopasuka katikati, hutanuka unapokanyaga, ilhali ule wa punda ni mmoja na mwembamba, kwa hiyo hudidimia upesi zaidi. Mkokoteni wa punda ndio usiosamehe kosa la fundi.

Ndiyo maana tairi kipara, lililokwisha kashata zake na kukataliwa barabarani, hupata korongoni kazi inayolifaa kuliko zote, kwani halina cha kuchimbia na linaelea juu juu. Jicho la fundi hulitafuta lile ambalo nyuzi zake hazijatokeza na ambalo kuta zake bado hubonyea kwa kidole gumba, na hulikataa tairi la lori, japo lingedumu miaka, kwa kuwa kuta zake ngumu hubeba shehena bila kulala na uzito wake humchosha mnyama kabla ya mzigo wenyewe. Kukataa huko ndiko kilele cha ufundi huu, maana kitu kinachodumu kinatamanisha sana mahali ambapo fedha ni haba.

Hata hivyo wepesi una mpaka wake, nao umewekwa na migunga. Miiba yake, iliyotapakaa kwenye njia zote za kwenda mtoni, hupenya mpira mwembamba bila shida, kwa hiyo fundi hutandika ndani, kati ya tairi na tyubu, kipande cha mpira mkuukuu, akikubali kurudisha sehemu ya uzito aliouepuka. Upepo nao haukai vilevile safari nzima: mkokoteni ukitoka korongoni na kuingia lami kuelekea mjini, tairi lililolegea huvuta sana na kuta zake hupasuka kwa kukunjwa mfululizo, hivyo mwendeshaji mwangalifu huhakikisha ana pampu ya mkono, akaujaza upepo upya ukingoni mwa barabara kabla ya kuendelea.