Kengele Ikilia Sumbawanga, Nani Atatoka?

Dirisha la duka la pembejeo likivunjwa usiku mjini Sumbawanga, na duka lenyewe lina king'ora kinachofuatiliwa, kinachosafiri kwenda chumba cha ufuatiliaji ni tarakimu 16. Mfano: 1234 18 1130 01 005 5. Nne za mwanzo ni namba ya mteja. 18 ni alama ya Contact ID, itifaki iliyotoka kwa kampuni ya Ademco ya Marekani na ambayo paneli nyingi za ving'ora bado zinaitumia. Ile 1 inayofuata inasema tukio ni jipya. Ingekuwa 3, maana yake hali imerudi kuwa ya kawaida. 130 ni uvunjaji, 01 ni sehemu ya jengo, 005 ni kanda, yaani sensa ya tano. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: jumlisha zote, kila sifuri ihesabu kuwa 10, na jumla lazima igawanyike kwa 15. Hapa ni 75. Isipogawanyika, kipokezi hakikubali ujumbe na paneli inautuma upya.

Yote hayo yanamalizika ndani ya sekunde chache, na ndiyo sehemu rahisi ya biashara hii. Kumgundua mwizi ni jambo lililotatuliwa zamani. Mteja anayelipa ada ya mwezi ananunua dakika zilizopo kati ya tarakimu hizo kufika na mtu mwenye tochi kusimama mlangoni. Wauzaji wengi wanapenda kuonyesha vifaa kwa sababu vifaa vinang'aa mezani. Dakika hazionyesheki, na mteja huja kuzijua siku ameshaibiwa.

Walioianza biashara hii walilielewa hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope, wa eneo la Boston, alipata hataza ya king'ora cha umeme: mlango ukifunguliwa mkondo unakamilika na nyundo inagonga kengele. Edwin Holmes aliinunua hataza hiyo mwaka 1857 na baadaye akahamishia biashara New York, mji aliouona una wezi wengi zaidi. Kengele ya Pope ililia ndani ya nyumba ileile inayoibiwa. Mtu aliyegeuza mambo ni Edward Calahan, ambaye tayari alikuwa amevumbua mashine ya kuchapa bei za hisa. Mwaka 1871, baada ya bosi wake kuvamiwa na wezi nyumbani, Calahan aliunganisha nyumba za majirani kwa waya. Kisha akaugawa mji katika wilaya ndogondogo, kila moja na kituo chake, na kila kituo na vijana wa kutumwa. Ukivuta kisanduku chako, kijana anakuja mbio. Mwaka 1874 kampuni 57 za namna hiyo ziliungana zikawa American District Telegraph, ADT inayojulikana mpaka leo.

Neno la kuangaliwa katika jina hilo ni District, yaani wilaya. Calahan aliuchora mji kwa umbali ambao kijana anaweza kuukimbia, na waya ukafuata mchoro huo.

Kwetu jambo kama hilo lilifanyika bila umeme wala hataza. Sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya ulinzi, waliibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulikuwa umewashinda polisi, na mwaka 1989 Sheria ya Mgambo ikarekebishwa kuwapa nafasi kisheria. Mengi yameandikwa kuhusu ukali wao, na mengine si ya kujivunia. Lakini kiufundi walikuwa na kitu ambacho mikataba mingi ya kampuni za ulinzi haina: filimbi au yowe likisikika, kutoka ni lazima, na asiyetoka anatozwa faini. Muitikiaji anawajibika kwa jamii inayomjua kwa jina. Linganisha na mkataba wa kurasa nne unaoahidi kwamba kampuni "itajitahidi kufika kwa wakati".

Turudi Ufipa, nchi ya Wafipa. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai wageni huikumbuka. Kwa fundi wa ving'ora baridi hiyo ni neema. Sensa ya kawaida ya ndani husoma joto la mwili linavyopita mbele ya ukuta, na kinachoiwezesha ni tofauti kati ya joto la mtu na la mazingira. Dar es Salaam chumba kikifikia nyuzi 33, mtu na ukuta wanakaribiana na sensa inapungua makali. Usiku wa Sumbawanga mwizi anaonekana kama jiko la mkaa gizani. Betri nazo zinafaidika, kwa maana betri ya risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi kumi za joto zinazozidi 25. Betri iliyofungwa Muze, chini bondeni, haitadumu kama ile ya Kizwite, juu mjini.

Neema zinaishia hapo, kwa sababu kinachofuata ni umeme.

Kwa miaka mingi mji huu haukuwa kwenye gridi ya Taifa. TANESCO ilinunua umeme Zambia, ukaingizwa kutoka upande wa Mbala, na pengo likazibwa kwa jenereta za dizeli. Mradi wa TAZA, laini ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umekusudiwa kumaliza hali hiyo. Lakini anayefunga king'ora asifanye hesabu zake kwa umeme wa mradi. Chukua betri iliyozoeleka ya volti 12, saa-ampia 7. Paneli yenye sensa kadhaa na kifaa cha mtandao wa simu ikila miliampia 250, kwa karatasi inapata saa 28. Betri ikishazeeka miaka miwili au mitatu, nusu yake ni bahati. Kiwango cha Ulaya, EN 50131, kwa majengo ya hatari ya kawaida kinadai saa 12. Ulaya, umeme kukatika saa 12 ni habari ya gazeti. Kwa Ufipa ningeanzia betri mbili, au moja ya saa-ampia 18, na gharama yake ningeiingiza kwenye bei tangu mwanzo badala ya kumwachia mteja aamue. Mteja akiachiwa atachagua ndogo.

Kuna tatizo jingine ambalo katalogi hazilitaji. Umeme unapokatika mtaa mzima, kila paneli inatuma 301, yaani umeme umepotea. Wateja 80, ujumbe 80 ndani ya dakika moja, wote kwenye skrini ya mtu mmoja. Ukirudi, 80 nyingine. Katikati ya mafuriko hayo 130 moja ya uvunjaji inaweza kupita bila kuonwa, na wezi wa mjini hawahitaji kufundishwa kwamba giza ni saa ya kazi. Dawa ipo ndani ya paneli yenyewe: kuna kipengele cha kuchelewesha taarifa ya umeme. Kiwekwe dakika 30 hadi 60, tena kila paneli ipewe muda tofauti, na programu ya chumba cha ufuatiliaji ipange uvunjaji na kitufe cha dharura, 120, juu ya kila kitu. Ni kazi ya dakika tano kwa kila mteja, nayo hurukwa mara nyingi kwa sababu fundi analipwa kwa kufunga, halipwi kwa kupanga.

Njia ya ujumbe ni simu ya mkononi. Hapa uchaguzi mbaya ni kutuma zile tarakimu kwa milio kupitia simu ya sauti, kama zilivyotumwa enzi za simu za waya. Mitandao ya mkononi hubana sauti ya binadamu ili itoshee, na milio inaharibika njiani. Data ni salama zaidi, na inaleta faida kubwa kuliko hiyo: paneli inaweza kusema "nipo" mara kwa mara. Kwa mfumo wa zamani paneli hujaribu mara moja kwa siku, msimbo 602. Ikizimwa dakika kumi baada ya jaribio, chumba kitakaa karibu saa 24 kikiamini mambo ni shwari. Ikituma salamu ya baiti 200 kila baada ya dakika tatu, ni salamu 480 kwa siku, chini ya megabaiti tatu kwa mwezi. Hilo ni bando dogo kuliko linaloliwa na video moja ya harusi. Mnara ukizimika, laini ikichomolewa, au mtu akija na kifaa cha kuziba mawimbi, chumba kinajua ndani ya dakika chache kwamba mteja amenyamaza.

Laini zenyewe zina mitego yake. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini inayosajiliwa kwa jina la fundi inaondoka na fundi. Isajiliwe kwa kampuni. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na mtandao, jambo linalozipata hasa paneli zinazosubiri tukio ndipo zitume. Laini ya pili ya mtandao tofauti ina maana ikiwa tu minara yake ni tofauti kweli. Siku hizi mitandao inapanga kwenye minara ya kampuni moja, kwa hiyo laini mbili zinaweza kuning'inia kwenye betri ileile ya mnara uleule.

Halafu radi. Watanzania wana utani wao kuhusu Sumbawanga na radi zinazotumwa kwa watu, na Wafipa wamechoka kuusikia. Fundi hana haja ya kuamua nani kaituma. Saketi inaungua vilevile. Msimu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, waya mrefu unaotoka paneli hadi sensa ya getini au kwenye fensi ya umeme hugeuka antena. Ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini, kinga ya mfuriko wa umeme kwenye ingizo la umeme na kwenye waya wa sensa za nje, na sensa za mbali zisizotumia waya: mambo haya matatu yanaokoa paneli nyingi. Fimbo ya ethi iliyokatwa nusu kwa sababu jiwe lilikataa ni pambo.

Sasa hesabu ya watu, kwa sababu ndiyo inayoamua kama huduma itaishi. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Kiti kimoja cha chumba cha ufuatiliaji kinahitaji watu wanne bila kuhesabu likizo wala ugonjwa. Gari la muitikio lenye watu wawili usiku na mchana ni wanane. Jumla mishahara 12 kabla ya mafuta na tairi. Ukiwa na wateja 60, kila watano wanabeba mshahara mmoja. Ukiwa na 240, ni kila 20. Sumbawanga ina benki, vituo vya mafuta, mashine za kusaga, maduka ya pembejeo, nyumba za wageni, mawakala wakubwa wa fedha za simu na maghala ya nafaka, likiwemo la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini wengi wa hao wana mlinzi tayari, na benki zina mipango yao na polisi.

Njia inayoonekana rahisi ni kuweka chumba Mbeya au Dar es Salaam na kuhudumia mikoa mingi kwa kiti kimoja. Kwa upande wa chumba ni sahihi kabisa; tarakimu 16 hazijali kilomita zaidi ya 300 za kutoka Mbeya. Ila miguu haigawanyiki hivyo. Gari la Mbeya haliitikii kengele ya Katandala, mjini Sumbawanga. Kampuni ikiuza ufuatiliaji bila muitikio wa hapohapo, inauza simu ya kumwamsha mteja usiku ili aende mwenyewe kukutana na mwizi. Hiyo nayo ni huduma, mradi iandikwe hivyo kwenye mkataba na bei ifanane nayo.

Ningejenga kwa kutumia walinzi waliopo. Mlinzi wa usiku wa duka la jirani apewe kitufe cha dharura na simu ya chumba, na alipwe kidogo kila anapoitikia ndani ya muda. Mtaa wenye walinzi sita ni wilaya ya Calahan tayari. Kanuni iwe moja na isivunjwe: hakuna kuingia ndani. Kuzunguka, kumulika, kupiga filimbi, kumsubiri askari polisi. Mlinzi mwenye rungu hapaswi kufanywa shujaa kwa ada ya king'ora.

Polisi wasiitwe kwa kila mlio. Takwimu za Marekani zimekuwa zikionyesha kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya ving'ora ni ya bure. Salt Lake City iliamua mwishoni mwa 2000 kwamba polisi hawatoki mpaka mtu athibitishe kwa macho, na miito ikashuka kwa takriban asilimia 90. Kwenye ghala la mahindi sababu zinajulikana: popo, nondo mbele ya lenzi, vumbi, gunia lililoegemea vibaya likaanguka. Sensa mbili za kanda tofauti zikilia kwa kufuatana, 005 kisha 006, kuna mtu anatembea. Moja peke yake, mlinzi akaangalie kwanza.

Jambo moja la ofisini: chumba cha ufuatiliaji kinajua nani amesafiri, nani hufunga duka saa ngapi, funguo ziko kwa nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa yote hayo. Orodha hiyo ikiwa kwenye daftari lililo wazi mezani, kampuni imewapangia wezi ratiba.

Miji midogo ya mkoa, Namanyere, Matai na Laela, ni suala tofauti. Huko hakuna hesabu ya gari itakayokubali, na kampuni inayouza ada ya mwezi ya muitikio kutoka Sumbawanga inauza umbali. Mwenye duka wa Matai anunue paneli yenye king'ora cha nje cha kelele kubwa, betri ya saa-ampia 18 na namba tano za majirani, na hela ya ada ampe mlinzi wa jirani.